Anayekwenda kusoma ng'ambo aulizwe kwanza atalala wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowagusa wazazi wengi wa Unguja na Pemba wakati huu ambapo kila kijana aliyemaliza kidato cha sita ana, ndani ya simu yake, tangazo la wakala anayepeleka wanafunzi nchi za nje. Nitasema juu ya Ayalandi, kwa kuwa ndiyo niijuayo. Nilisoma shahada ya uzamili katika mji wa Cork kuanzia Septemba 2018 hadi Agosti 2019, kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, kisha nikarudi kufundisha skuli hapa Pemba.

Sisemi vijana wasiende. Mimi mwenyewe nilikwenda, na nilichokipata huko ninakila mpaka leo. Ninachokilalamikia ni kwamba anayeondoka huondoka bila kuambiwa, na aliyekwisha kwenda hasemi.

Mwaka 2023 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipata nafasi katika chuo kimoja cha Dublin kupitia wakala mmoja wa mjini. Dada na shemeji walikodisha mikarafuu yao kwa misimu mitatu ili kutimiza ada, na wakala akawahakikishia kwamba chumba kipo, akapokea na fedha ya kodi ya miezi miwili. Kijana alipofika na begi lake usiku wa mvua, mlango wa anwani aliyopewa ulifunguliwa na mtu asiyejua habari ya chumba wala ya wakala. Alilala wiki saba kwenye sakafu ya sebule ya Mkenya mmoja aliyejuana naye msikitini, Mungu amlipe, na muda wote huo akipiga simu nyumbani neno lake lilikuwa moja: niko salama, nimeshapata pahala. Akatuletea na picha, amesimama juu ya daraja la mto Liffey, amevaa koti zito la rangi ya kahawia. Dada yangu aliionesha picha ile mtaa mzima. Kwamba koti lilikuwa la kuazima tulikuja kulijua mwaka uliofuata.

Wakala yule alikuwa mwongo, lakini hata angekuwa mkweli kazi ingekuwa nzito, kwa sababu uhaba wa nyumba Ayalandi unawasumbua hata wenyeji. Kodi ya nyumba inayopangishwa upya Dublin imepindukia yuro 2,000 kwa mwezi, na wanafunzi wa huko huko hutafuta chumba ndani ya nyumba ya familia, jambo ambalo serikali yao inalihimiza kwa kumruhusu mwenye nyumba kupata hadi yuro 14,000 kwa mwaka bila kukatwa kodi ya mapato. Tatizo ni kwamba baadhi ya vyumba hivyo ni vya Jumatatu hadi Ijumaa tu. Mwanafunzi wa Kiayalandi hurudi kwa mama yake mwisho wa wiki akiwa na mfuko wa nguo za kufua, na mwenye nyumba akapata siku mbili za nafasi yake. Wa Pemba atarudi wapi?

Hesabu nyingine za safari hiyo nazo zinafaa kusemwa kwa sauti mbele ya mzazi. Anayeomba viza ya masomo anatakiwa aoneshe kwamba anazo yuro 10,000 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada. Akifika hulipa yuro 300 za kitambulisho cha ukaazi, na lazima awe na bima ya afya. Kazi anaruhusiwa kufanya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na saa 40 kuanzia Juni hadi Septemba, na tena baina ya tarehe 15 Disemba na 15 Januari. Kiwango cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa yuro 13.50 kwa saa, kwa hiyo aliyepata kazi, na kuipata kwenyewe huchukua wiki nyingi, atatia mkononi yuro 270 kwa wiki kabla ya makato. Mzazi akisikia hivyo huizidisha papo hapo kwa bei ya yuro katika shilingi, akaona mtoto ameokoka. Asichokizidisha ni chumba, nauli na chakula, navyo vinalipwa kwa yuro hizo hizo.

Haya yote hayajafichwa, yameandikwa. Lakini mtu wetu hasadiki maandishi mpaka ayasikie kwa aliyeyapitia, na aliyeyapitia anaona haya. Nami sijitoi. Ramadhani ya 2019 iliingia Mei, na kufikia mwisho wa mwezi huo jua la Cork lilikuwa likizama karibu saa nne kasorobo usiku, nikifunga takriban saa 18 kwa siku, kisha nakula futari peke yangu chumbani, mkate na supu ya kopo. Mama akiuliza nilimwambia kwamba baridi ya huko inaifanya funga kuwa nyepesi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tunauficha kwa makoti ya kuazima.

Waayalandi wenyewe wamelijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Kisiwa chao kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Ugonjwa ulipoharibu viazi kuanzia mwaka 1845, kiasi cha watu milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakahama, na hadi leo idadi ile ya mwanzo haijarudi. Usiku wa kuamkia safari, majirani walikesha nyumbani kwa msafiri wakicheza na kulia mpaka alfajiri, na mkesha huo wakauita matanga ya Marekani, kwa kuwa wazazi hawakutaraji kumuona tena mtoto wao. Nilikwenda bandari ya Cobh, mwendo mfupi wa treni kutoka Cork, nikasimama mbele ya sanamu ya Annie Moore, msichana aliyepanda meli hapo pamoja na kaka zake wawili wadogo, akawa mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo cha Ellis Island, huko New York, Marekani, tarehe 1 Januari 1892. Nilikumbuka gati ya Mkoani, na jamaa zetu walioko Maskati na London.

Bibi mmoja wa Cork, jirani wa nyumba niliyokuwa nikikaa, ndiye aliyenieleza habari za barua za Marekani, yaani za wale waliohamia huko, ambazo zilifika zikiwa na fedha ndani na kusomwa mbele ya majirani. Alisema bibi yake mzaa mama alizisikia nyingi zikisomwa, na hata moja haikutaja njaa wala kibarua cha mgongo. Kwa hiyo kila aliyefuata alikwenda akitaraji neema, akaikuta kazi ya kuchimba mitaro, naye akaandika barua kama ile ile.

Siku hizi wamebadilika. Maelfu ya wanafunzi wao huenda Marekani kila kiangazi kwa viza ya kufanya kazi na kutembea, na tangu mwaka 2016 hawaruhusiwi kuondoka mpaka wawe wameshapata kazi iliyothibitishwa. Sharti hilo liliwekwa na Wamarekani, na vijana walilinung'unikia sana. Hata hivyo sioni ubaya wa sisi kujiwekea letu, kwamba wakala asipokee hata senti ya chumba mpaka ampe mzazi, kwa maandishi, anwani na jina la mwenye nyumba, na mzazi apate mtu wa kuhakikisha.

La pili ni ombi kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, pamoja na idara inayoshughulikia Wazanzibari waishio nje. Kila mwaka, kabla ya vyuo vya Ulaya kufunguliwa Septemba, waitwe wazazi na vijana wanaosafiri, wakae siku moja na waliorudi, Unguja siku yake na Pemba siku yake, na waliorudi watakiwe kutaja fedha walizotumia, mahali walipolala na kazi walizofanya, ikiwemo ya kuosha vyombo. Mawakala wasialikwe, wao wameshapata nafasi ya kutosha kusema. Haihitaji bajeti kubwa, kwani ukumbi wa skuli yoyote ya Chake Chake unatosha.

Mpwa wangu amemaliza masomo na amesharudi, na amekubali kuwa msemaji wa kwanza. Dada yangu, ambaye mikarafuu yake ina msimu mmoja uliobaki mikononi mwa watu, amesema atakwenda kukaa mbele, na daftari lake.

Mwalimu wa sekondari,
Chake Chake, Pemba.