Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Jeraha Lililomtangulia Mtoto

Ndugu wanachama, wazazi walezi wenzangu,

Assalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Hesabu atazisoma mhazini, na orodha ya familia mpya iko kwa katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililotutoa jasho mwaka mzima: jeraha ambalo mtoto hulikuta kwao hata kabla hajazaliwa. Wataalamu wanaliita kiwewe cha vizazi.

Naanzia nyumbani kwangu. Binti wa miaka tisa ninayemlea alikuwa anaficha chapati. Chini ya godoro, kwenye begi la shule, mara moja ndani ya soksi. Sisimizi ndio walionionyesha. Nikamgombeza: "Kwani hapa kwangu umewahi kulala njaa?" Hakujibu, akabaki anaangalia miguu yangu. Kesho yake nikakuta nyingine.

Afisa ustawi wa jamii akanishauri twende tukamwone mama mzazi, upande wa Vingunguti. Nilikwenda na hasira, siwafichi. Mama yule akatukaribisha chai. Kabla ya kumimina alifungua pindo la khanga, akatoa kipakiti cha sukari, akapima vijiko, kisha akakifunga tena pale pale. Chumba anaishi peke yake, hakuna wa kumwibia. Tulipozoeana, safari ya tatu au ya nne, ndipo aliposimulia. Mama yake alifariki kwa UKIMWI miaka ya 1990, kabla serikali haijaanza kutoa bure dawa za ARV, za kupunguza makali ya UKIMWI, mwaka 2004. Yeye aliambiwa mama amesafiri. Akalelewa kwa zamu, mwezi huu kwa shangazi, ujao kwa mjomba, akila kilichobaki sufuriani. Hakuna mtu mzima aliyemkalisha chini akamweleza ukweli. Mwenyewe ameniruhusu niwasimulie haya.

Njaa ile ilikuwa ya utotoni mwa mama. Binti aliichukua kwa kumwona mama yake akiishi nayo.

Mwaka huu nimesikia mara nyingi kwenye vikao vyetu, "mtoto wa nyoka ni nyoka." Naomba tuiache methali hii. Ni kweli kwamba maumivu hupita kutoka kizazi hadi kizazi. Madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti Marekani mwaka 1998 wakionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia madhila mengi utotoni, ndivyo hatari yake ya ulevi, sonona na maradhi ya moyo inavyopanda ukubwani. Lakini kuwa hatarini si sawa na kuhukumiwa, na mengi yanayopita hupitia kwenye malezi: ukimya, hofu, kipigo, kuondoka bila kuaga. Mambo hayo sisi tunaweza kuyabadili. Damu haina kosa.

Wala tusijitoe sisi wenyewe. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi tulioketi hapa tulichapwa tukaambiwa ndiyo mapenzi. Mtoto wa watu anapokukaidi, mkono unaoinuka huwa ni wa baba yako.

Hapo ndipo tulipoteleza. Kijana mmoja wa miaka kumi na tano alirudishwa kwenye makao ya watoto mwezi Juni baada ya familia mbili kumshindwa. Tulimpeleka bila kuwaeleza walezi alikotoka, na alipoanza kutoroka usiku tukamwita mhuni. Hatukuuliza usiku kwao kulikuwa na nini. Lawama ni ya uongozi, na kwanza yangu. Bado ninakwenda kumtembelea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatupa jukumu la malezi ya kambo, yaani kumlea nyumbani mtoto wa wengine, lakini neno "kambo" lenyewe linawatisha watoto, maana hadithi zote walizosikia za mama wa kambo ni za mateso. Sisi tuendelee kusema mzazi mlezi. Na mama mzazi tumwite mama, mbele ya mtoto na nyuma yake. Mtoto anayesikia mama yake akisemwa vibaya, anajisikia yeye ndiye anayesemwa.

Kwa mwaka ujao kamati imekubaliana kwamba hakuna mtoto atakayepokelewa kabla mlezi hajakaa na afisa ustawi akajua historia ya familia, kwa siri inayostahili. Pale panapo usalama, mlezi atakutana pia na ndugu wa mtoto. Palipo na ukatili tusijaribu upatanishi wetu wenyewe. Tupige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, au twende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Tunaanza pia vitabu vya kumbukumbu, kama walivyofanya akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI miaka ya 1990: nani alimzaa mtoto, kwao wapi, bibi alipenda wimbo gani, nani amefariki na alifariki kwa nini. Binti yangu ameanza chake. Ukurasa wa kwanza mama yake ameandika kwa mkono wake jina la bibi na kijiji alikozikwa. Chapati bado zinafichwa, ila sasa nimempa kopo lenye mfuniko, likae karibu na kitanda chake, na jioni tunalijaza pamoja.

Madaftari ya vitabu hivyo yako mezani kwa katibu. Kila mlezi achukue lake kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti