YAH: MALALAMIKO KUHUSU KURASA ZA VIPIMO VYA KUKAZA NATI ZA INJINI, NA MANENO NILIYOAMBIWA KWENYE SIMU

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe. Isiishie kwa yule kijana wenu wa huduma kwa wateja, maana ndiye ninayemlalamikia.

Ada yenu ya mwaka ya kuletewa kurasa za vipimo nimelipa, stakabadhi ninayo, na masharti yenu mnayajua kuliko mimi. Niliagiza jedwali la vipimo la injini ya ndege ya Lycoming O-320, toleo linalotumika sasa. Nimeletewa jalada la Lycoming, ndani kurasa za Continental, kampuni nyingine ya injini. Niliona palepale kwenye nguvu ya kukaza plagi za kuwashia mafuta: pauni-inchi 300 mpaka 360. Hicho ni kipimo cha Continental. Plagi ya Lycoming hukazwa pauni-futi 35, yaani pauni-inchi 420. Ukurasa wa nati za silinda peke yake ndio uliokuwa wa Lycoming, nao umeskaniwa vibaya hadi safu ya vizio imekatwa, zimebaki tarakimu tupu. Pauni-futi 1 ni pauni-inchi 12, Meneja. Anayekosea kizio amekosea mara 12.

Nikapiga simu. Silinda ilikuwa imesharudi mahali pake, nati nimezianza kwa vidole, spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, iko mezani. Mikono ilikuwa na oili, nikaweka spika. Hata shikamoo sikupewa. Kijana wenu alicheka, akasema, "Huko Mtwara si korosho tu? Kwani na ndege zipo?" Nilinyamaza. Akaongeza, "Kaza mpaka mkono ukatae, mafundi wote ndivyo wanavyofanya." Akakata simu.

Kazi hii nina miaka 22 nayo. Nati za nusu inchi za silinda hiyo ni pauni-futi 50, zile ndogo za 3/8 ni 25. Nazijua hata nikiamshwa usiku. Lakini sisaini kazi kwa kumbukumbu. Kitabu kinatakiwa kiwe mezani, toleo la sasa, ukurasa unasomeka. Tena kitabu hakitoi namba tu. Kinasema uzi wa boliti upakwe nini kabla ya kukaza, kwa sababu uzi mkavu na uzi wenye mafuta havibani sawa kwa namba ileile. Kinasema nati ipi ianze na ipi ifuate. Zile boliti ndefu zinazoshika silinda ndizo pia zinazobana nusu mbili za kasha la injini. Zikilegea, beringi za krenki husogea na njia ya oili huziba. Zikizidi, huvutika na mwisho wake hukatika. Rubani anayetoka Mtwara kwenda Kilwa, kulia kwake ni bahari na kushoto ni mapori. Injini ikimzimikia hapo, atatua wapi?

Na kabla ya simu hiyo nilishawaandikia barua pepe mara mbili. Hamkujibu hata moja.

Narudia habari ya simu, maana ndiyo iliyoniondolea usingizi. Spika ilikuwa wazi. Vijana wangu wawili wanaojifunza kazi walikuwa pembeni yangu, mmoja ameshika tochi kunimulikia. Walisikia kicheko, wakasikia habari za korosho, wakasikia "mpaka mkono ukatae". Mwenzake aliangalia chini. Kesho yake yule wa tochi akaniuliza kwa adabu, "Mzee, kumbe hata bila spana ya kipimo inawezekana?" Miezi 7 namfundisha asiguse nati kabla hajasoma ukurasa, na mtumishi wako amenibomolea kwa sentensi moja. Huyu kijana kesho atakaza injini watakayopanda watu, pengine wanangu, pengine wewe.

Ndege imelala siku 9 sasa. Mwenye ndege ananipigia kila asubuhi, sina la kumwambia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba kurasa sahihi tu, zenye vizio vyake. Hazitoshi tena. Nataka ada yangu irudishwe yote. Nataka gharama za siku hizo 9 mzilipe ninyi. Nataka barua ya kuomba radhi, itaje wazi kwamba ushauri ule ulikuwa wa hatari, niwasomee vijana wangu. Na mtu anayewaambia mafundi wakaze kwa kukisia asipokee tena simu ya fundi yeyote, awe wa Mtwara, Lindi au Dar es Salaam.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nimebadili, ni siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakala pamoja na kurasa mlizoniletea zitafika Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Tume ya Ushindani, na wakili wangu atawaandikia. Jalada na kurasa nimevifungia kabatini, haviguswi.

Wako,

Fundi wa injini za ndege,
Mtwara