Kabla ya mashine mpya, mwanafunzi wa kemia apimwe kwa jibu lake

Ndugu Mhariri,

Kila bajeti ya elimu ya juu inapokaribia, hoja moja haikosi: maabara za kemia vyuoni zimechakaa, vijana wanamaliza shahada bila kugusa mashine za kisasa, basi zinunuliwe. Hatuna ugomvi na mashine. Lakini mwanafunzi wa kemia changanuzi (kemia ya kupima kilichomo kwenye sampuli na kiasi chake) haharibikiwi kwa kukosa kromatografu, mashine ya kutenganisha na kupima vilivyomo. Anaharibikiwa mwaka wa kwanza na wa pili, mbele ya bureti (mrija wa kioo wa kudondoshea kimiminika kwa kipimo) na mizani, kwa sababu alama zinatolewa kwa ripoti nzuri na hakuna anayeuliza kama jibu ni sahihi.

Aliyepita maabara ya chuo anaujua mchezo. Zoezi ni la mwaka jana, asidi ni ile ile ya molari 0.1 (molari ni kipimo cha ukali wa mmumunyo), na jibu linafahamika kabla koti jeupe halijavaliwa. Ripoti za waliotangulia zinazunguka kwenye simu. Kundi lina watu watano: mmoja anashika bureti, mmoja anaandika, watatu wanasubiri namba. Bureti ikitoa mililita 24.10, 24.90 na 23.70, namba zinapikwa mpaka ziive kuwa 24.10, 24.15 na 24.10, na kazi inasahihishwa vizuri tu. Kesho huyo huyo anaomba kazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, TBS (Shirika la Viwango) au TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ambako sampuli haiji na jibu lake.

Dar es Salaam nayo ina mitego yake, ambayo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi vinaipita haraka. Vyombo vya kioo vya kupimia ujazo vimesanifiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi; imeandikwa kwenye chombo chenyewe. Mmumunyo ukitengenezwa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, kisha ukatumika kwenye maabara ya nyuzi 31, umetanuka na ukali wake umeshuka kwa karibu robo ya asilimia moja. Ni kidogo? Kwenye mililita 25 hiyo ni takriban mililita 0.06, wakati pipeti (mrija wa kuhamishia ujazo mmoja maalumu) ya daraja A ya ujazo huo inaruhusiwa kukosea 0.03 tu. Dawa yake haina gharama: acha mmumunyo ufikie joto la chumba utakamotumika kabla ya kujaza flaski hadi alama, na sanifisha, yaani tafuta ukali wake halisi, humo humo.

Zoezi la kwanza la kila mwanafunzi lingekuwa kuipima pipeti yake kwa maji na mizani. Pipeti nzima ya mililita 25, kwa maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa) ya nyuzi 30, itatoa kama gramu 24.87. Anayetegemea 25.00 ataitupa pipeti isiyo na kosa, kwa kuwa amesahau kwamba maji ya moto ni mepesi na kwamba hewa nayo huinua kidogo kile kilicho juu ya mizani. Anayepuliza tone la mwisho ataona uzito unapanda, na hapo ataelewa, bila mhadhara, kwamba pipeti hiyo imesanifiwa tone hilo likiwa limebaki ndani.

Kisha kuna unyevu. Chembe za hidroksidi ya sodiamu, ile kostiki ya watengeneza sabuni, huanza kulowana zikiwa bado kwenye mizani. Ukipima gramu 4.00 ili upate lita moja ya molari 0.1, sehemu ya hizo gramu ni maji na sehemu ni kaboneti iliyotokana na hewa. Desimali nne za mizani hazisaidii kitu hapo. Pima kwa haraka kwenye mizani ya kawaida, yeyusha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hifadhi kwenye chupa ya plastiki, halafu tafuta ukali wake wa kweli kwa potasiamu hidrojeni thaleti, chumvi safi ya kulinganishia. Hiyo ndiyo inayostahili mizani ya desimali nne: ikaushwe kwa nyuzi 110 kwa saa mbili, ipoe ndani ya desiketa (chombo kilichofunikwa kuzuia unyevu), kisha gramu 0.5106 zitahitaji mililita 25.00 za alkali ya molari 0.1000. Ikipimwa ingali vuguvugu, hewa inayopanda juu yake huinyanyua na mizani inasoma pungufu. Feni la dari likiwa linazunguka, tarakimu ya mwisho haitulii, na wanafunzi huchagua inayowapendeza. Halafu desiketa yenye silika jeli ya rangi ya waridi, yaani iliyokwisha kujaa unyevu, ni pambo la mezani. Jeli irudishwe ovenini mpaka iwe bluu.

Mfano mwingine tunaoupenda, kwa sababu maji yake yapo mitaani, ni ugumu wa maji ya kisima, yaani kalsiamu na magnesi iliyomo. Unachukua mililita 50 za maji, unatia mililita 1 au 2 za bafa (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) ya amonia ya pH 10 na kiashiria cha Eriochrome Black T kidogo sana, kisha unadondosha EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu na magnesi, ya molari 0.01, ambayo ni gramu 3.722 za chumvi yake ya sodiamu kwa lita. Rangi inatoka wekundu wa divai kwenda bluu safi. Kila mililita ya EDTA ni sawa na miligramu moja ya kaboneti ya kalsiamu, kwa hiyo mililita 12.5 zikitumika, maji yana miligramu 250 kwa lita. Hesabu ni nyepesi. Kinachomshinda mwanafunzi ni rangi. Inageuka polepole, inapita kwenye zambarau, na kila mtu mezani anasema lake. Mara nyingi mkosaji ni chupa ya bafa. Ikikaa wazi kwenye joto, amonia inaruka, pH inashuka, na mwisho wa titresheni, yaani wa huko kudondosha mpaka rangi igeuke, unakuwa ukungu. Mara nyingine maji yana kalsiamu tupu bila magnesi, na kiashiria hiki kinahitaji magnesi ili kigeuke kwa ukali. Ndiyo maana huongezwa mmumunyo kidogo wa magnesi iliyokwisha kushikwa na EDTA. Ukichelewa zaidi ya dakika tano baada ya kutia bafa, kaboneti ya kalsiamu inaweza kuanza kuganda na jibu likapungua. Maji yaliyokenekwa nayo yatitriwe peke yake kwanza: yakila mililita 0.3, kifaa cha kukeneka kina ugonjwa, na kila jibu la siku hiyo limebeba hizo 0.3.

Kabla ya yote hayo kuna sampuli, ambayo mitaala huigusa juu juu. Kisima kipampiwe kwa muda kwanza, chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale. Maji yenye chuma hutoka kisimani yakiwa meupe, na yakifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye foleni ya saa mbili yana mashapo ya kahawia chini ya chupa. Mwanafunzi anachota ya juu, anaandika kwamba chuma hakipo. Chupa ya kupimia metali ilipaswa kutiwa asidi ya naitriki papo hapo hadi pH ishuke chini ya 2. Na anayetia asidi hiyo hiyo kwenye chupa ya kupimia naitreti amejitengenezea naitreti mwenyewe. Hiyo inataka chupa yake, kwenye barafu.

Mashine hairekebishi hata moja kati ya haya. Chuma kwa fenanthrolini (kemikali inayokipa rangi), kwenye spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, ya urefu wa mawimbi wa nanomita 510 na kuveti (kichupa cha sampuli) ya sentimita 1, hutoa ufyonzaji wa karibu 0.2 kwa kila miligramu moja kwa lita. Mstari wa kalibresheni, uliochorwa kwa mimumunyo inayojulikana, ukiishia miligramu 4, yaani ufyonzaji wa 0.8, mwanafunzi anayesoma 2.3 na kuurefusha mstari kwa rula hajapima kitu. Alitakiwa kuzimua na kusoma upya. Kwenye kromatografu ya kimiminika hasara ni ya fedha kabisa. Kimiminika kisichochujwa kwa tundu za mikromita 0.45 kinaziba koloni, na bafa ya fosfeti ikilala humo usiku kucha inaganda kuwa fuwele. Mkono uliozoea kupika namba za bureti ndio utakaokabidhiwa hiyo mashine.

Pendekezo letu kwa idara za kemia za hapa jijini ni moja: kila mwanafunzi apewe sampuli yake asiyoijua, na apate alama kwa jibu. Fundi sanifu atumie bureti kutia kati ya mililita 20 na 40 za mmumunyo mzito kwenye flaski ya mililita 250 yenye namba ya mwanafunzi. Mwanafunzi anaijaza hadi alama, anachota mililita 25 mara tatu, anatitri. Hakuna flaski mbili zinazolingana, kwa hiyo hakuna cha kunakili. Akiwa ndani ya asilimia 0.5 ya thamani halisi, apate alama zote za jibu. Ndani ya 1, nusu. Akipita 2, sifuri, na nafasi ya kurudia mara moja. Jibu liambatane na kiasi cha mashaka yake: vipimo vitatu vyenye mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika kwa namba) wa mililita 0.05 vinatoa wastani wenye mashaka ya takriban mililita 0.12 kwa kiwango cha asilimia 95, na mwanafunzi anayeliona hilo mwenyewe haandiki tena tarakimu sita zilizotoka kwenye kikokotoo. Maabara zenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, zinatakiwa kuyakadiria mashaka hayo katika kazi zao.

Tutajibiwa kwamba madarasa ni makubwa na bureti ni chache. Ni kweli, na ndiyo sababu mazoezi kumi ya muhula yapunguzwe yawe sita, kwa zamu, kila mtu na bureti yake. Bajeti ikiruhusu zaidi, ianze na ajira za mafundi sanifu wa maabara na urekebishaji wa mizani kila mwaka, mashine zifuate. Daftari la maabara liwe la kurasa zenye namba, liandikwe kwa wino wakati bureti inasomwa, kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, na msimamizi asaini ukurasa kabla mwanafunzi hajavua koti.

Ni sisi,
Wakufunzi wa maabara ya kemia changanuzi,
Dar es Salaam