Kaka, karatasi uliyoikunja ilikuwa na maana

Kaka, shikamoo.

Miezi saba sasa hupokei simu zangu, na arusi ya binti yangu imepita bila mkono wako. Nakuandikia hapa kwa kuwa najua wanao hukusomea kila ninachokiandika.

Siku ile ulipotaka nitie saini ili fungu tuloachiwa na Mama linunue hisa za ile kampuni hodhi ya umeme, yaani kampuni inayoshika hisa za kampuni nyingine, nilichukua karatasi nikakuchorea ngazi za kampuni za Samuel Insull, tajiri wa umeme wa Marekani wa zamani. Ukaikunja mara nne, ukaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza, ukasema, "Sasa imepata kazi." Wote wakacheka. Nimekusamehe mengi, lakini hilo limenikaa kooni.

Hukuniacha nimalize. Ulidhani namtukana mtu mchapakazi, kumbe mimi ninamheshimu. Insull alitoka London mwaka 1881 kwenda kuwa katibu wa mvumbuzi Thomas Edison huko Marekani, akahamia Chicago mwaka 1892 kuongoza kampuni ndogo ya umeme, na mwaka 1903 akawasha katika kituo cha Fisk Street mtambo wa mvuke wa kilowati 5,000. Alielewa kwamba mtambo unaosubiri jioni watu wawashe taa hula fedha mchana kutwa, kwa hiyo akawatafuta wenye treni za mjini na viwanda, akawapunguzia bei ili mashine zisikae bure. Hapo sina neno.

Neno langu ni ngazi. Mwaka 1912 alianzisha Middle West Utilities, ambayo kazi yake ilikuwa kushika hisa za kampuni nyingine, na baadhi ya hizo nazo zikashika za nyingine. Nilikuchorea hivi: kampuni ya chini ina mali ya dola 100, ambazo 60 ni deni na 40 ni hisa. Ya pili inanunua hizo 40 kwa kukopa 24, na inabaki na 16 zake. Ya tatu inanunua hizo 16 kwa kukopa 10. Mwenye dola 6 juu kabisa anaamrisha mali ya dola 100, na faida ikipanda kidogo chini, yeye juu anatajirika haraka. Lakini mali ile ya chini ikishuka thamani hadi 94 tu, zile dola 6 zimekwisha zote. Kaka, fungu la Mama lingekuwa ndani ya zile 6.

Mwishoni mwa 1928, na tena mwaka 1929, Insull aliongeza kampuni nyingine juu ya zile za mwanzo, na mwaka 1930 akanunua hisa za kampuni hizo zilizokuwa mikononi mwa tajiri Cyrus Eaton kwa dola milioni 56, sehemu kubwa kwa mkopo, huku hisa za kampuni zake zikiwa ndiyo rehani. Bei zikaporomoka, wakopeshaji wakashika rehani, na Aprili 1932 Middle West ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Taa za Chicago hazikuzimika. Walioumia ni wenye hisa za juu, wakiwemo wateja wa kawaida waliouziwa na wafanyakazi wa kampuni hizo hizo.

Uliniuliza mbona mahakama ilimwachia mwaka 1934. Ilimwachia kwa sababu shtaka lilikuwa la ulaghai, na kujenga ngazi ndefu kwa deni si lazima uwe mlaghai. Ndiyo maana mwaka 1935 Marekani ilitunga sheria kwamba juu ya kampuni inayouza umeme zisizidi ngazi mbili za kampuni hodhi. Ulisema sheria hiyo inatulinda. Ilifutwa mwaka 2005, na nilikwambia hivyo ukiwa tayari umeinama kuichomeka karatasi.

Labda ningekuita pembeni badala ya kukufundisha mbele ya wadogo zetu. Lakini wewe ndiye uliyeleta fomu mezani mbele yao, ukanipa kalamu, na mimi sikuwa na njia nyingine ya kukataa bila kueleza. Hukuona hofu yangu; uliona kisomo tu.

Fedha bado ziko benki kwa majina yetu mawili, sijagusa hata senti. Kwa hisa zile saini yangu hutaipata. Kwa ada ya mwanao wa mwisho, mtume na fomu hata leo usiku.