Barua ya Wazi: Kengele Iliyomkatiza Binti Yangu

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima zote, na nisingeiandika barua hii ya tatu hadharani lau zile 2 za kwanza zingejibiwa, wala lau si yaliyotokea Ijumaa katika mashindano ya ulumbi, yaani ya kutoa hotuba, hapa Nakuru.

Binti yangu yuko Kidato cha Tatu na ana kigugumizi. Alizungumzia jinsi Ziwa Nakuru lilivyopanda likafikia nyumba za watu mtaani Mwariki. Alikwama kwenye neno “mafuriko”, midomo imefumbwa kwenye ile “m”, na kengele ya muda ikalia kabla hajafikia pendekezo lake. Fomu ya alama ilirudi imeandikwa: “Hana ufasaha. Hajajiandaa.” Hajajiandaa! Hotuba ile aliikariri jikoni kwangu wiki 3, hata mimi nimeihifadhi. Mvulana asiyeona aliyemfuata alinyimwa alama zote za “kuitazama hadhira”. Naomba nielezwe alitakiwa aitazame kwa macho gani.

Mwaka juzi, katika mkutano wa wazazi, ulituahidi kwamba fomu hiyo itaangaliwa. Naona imeangaliwa sana, maana bado ni ileile.

Lililoniuma zaidi ni wanafunzi. Walicheka, kisha kwenye matatu wenzake wakamweleza kwa upole kabisa kwamba alama zile ni za haki. Siwalaumu. Nashuku hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuhesabu kigugumizi kuwa uzembe ni ubaguzi, ubaguzi uleule unaokatazwa na Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, ilhali cha 54 kinadai mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu. Bunge lenyewe, kwa Kifungu cha 120, lina Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha zake rasmi, kwa hiyo mbunge anaweza kulihutubia bila kutoa sauti, lakini ukumbini mwenu mtoto hawezi kusubiriwa amalize neno.

Ninachoomba ni kwamba fomu hiyo ipelekwe darasani kabla ya mashindano yajayo, wanafunzi waisome mstari kwa mstari, wajiulize ni kipi kinapima hoja na ni kipi kinapima ulimi, macho na miguu ya msemaji. Ipelekwe darasani, Bwana Mkurugenzi. Muda wa ziada tutaudai baadaye.

Jana binti yangu aliniuliza kama muhula ujao anaweza kuandika tu, hotuba isomwe na mwingine. Sijamjibu, nangoja kwanza jibu lako.

Wako mtiifu,
Mzazi, Nakuru