Barua kwa Zawadi, kabla ya kikao cha Jumamosi

Isevya, Tabora
3 Novemba 2024

Mpendwa rafiki yangu Zawadi,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Tumaini na kwa watoto wote. Sisi hapa hatujambo, mvua za kwanza zimeanza kunyesha, na mama amepata nafuu ya miguu kiasi kwamba Jumapili iliyopita alikwenda kanisani bila kushikwa mkono. Dumu la mawese ulilompa Kahindi lilifika salama kwa treni, nami nakushukuru sana. Uniwie radhi kwa kuzipitia salamu haraka. Tangu juzi nilipopokea ujumbe wako sijalala vizuri, na kilichoninyima usingizi ni lile uliloliandika mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: kwamba kwenye kikao cha Jumamosi utawaomba wenzako wa kikundi chenu cha akiba waziweke zile shilingi 6,400,000 za sandukuni katika mradi wa mtandaoni kwa siku thelathini, ili zirudi zimeongezeka kabla ya mgawo wa Desemba.

Zawadi, ninakuomba usifanye hivyo. Nimetanguliza ombi hili ili hata kama utachoka kusoma, uwe umekwisha kuliona.

Najua wazo hilo halikutokana na tamaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa wavuvi wasivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, akina mama wa Kibirizi walikaa miezi mitatu bila dagaa wa kuanika, na wewe ndiye uliyekuwa ukizisikiliza shida zao kila juma, kwa kuwa mweka hazina ni wewe. Mtu aliyewaona wenzake wakikopa ada za watoto akaambiwa kuna njia ya kuwaongezea mgawo karibu mara mbili, ni haki moyo wake uchangamke. Kwa hiyo ninakuandikia kama ninavyoandikia mtu mwenye nia njema, na nia njema ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu wanakikundi watakuamini.

Umeniandikia kwamba uliweka shilingi 100,000, kwamba kila siku unahesabiwa asilimia 3, yaani shilingi 3,000, na kwamba baada ya siku kumi na tano ulitoa 45,000 zikaingia kwenye simu yako ndani ya dakika kumi. Hizo 45,000 umezitaja mara nne katika ujumbe mmoja. Naelewa kwamba ndizo zilizokuaminisha, kwa maana na mimi ziliniaminisha za kwangu, kama nitakavyokueleza. Lakini hebu tuzitazame pamoja. Wewe uliwapa 100,000, nao wamekupa 45,000. Mpaka leo hujapata faida hata ya shilingi moja. Umerudishiwa chini ya nusu ya fedha yako mwenyewe, na 55,000 zako zingali mikononi mwao. Zile namba nyingine unazoziona kwenye simu ni maandishi tu ambayo aliyeitengeneza programu anaweza kuyaandika apendavyo.

Asilimia 3 kwa siku inasikika ndogo, na nadhani ndiyo maana wanaitaja kwa siku. Serikali yetu ilipotoa hatifungani za miaka 25 mwaka 2021, yaani ilipokopa fedha kwa watu kwa muda huo, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka, na watu wa fedha waliiona kuwa riba nono. Mradi wako unadai kuipita riba hiyo ya mwaka mzima ifikapo siku ya sita. Nilichukua kikokotoo nikahesabu zile 100,000 zako endapo faida ingekuwa inarudishwa ndani kila siku, nikapata kwamba mwaka ungekwisha ukiwa na zaidi ya shilingi bilioni 4.8. Mtu mwenye njia ya kuzidisha fedha namna hiyo hana haja ya kumtafuta mchuuzi wa dagaa wa Kigoma kupitia kundi la WhatsApp. Angekwenda benki, akakopa kwa riba ya asilimia kumi na kitu kwa mwaka, akailipa ndani ya juma moja na kubaki na utajiri wote peke yake.

Basi malipo yanatoka wapi? Yanatoka kwa walioingia baada yako. Mmoja aliyeweka 100,000 ameahidiwa kupata 180,000 kwa siku sitini, na kwa kuwa hakuna kinachozalishwa, fedha ya kumlipa ni ya wageni karibu wawili, na hao wawili wakitaka kulipwa watahitajika wanne, kisha wanane. Ukizidisha hivyo, hatua ya ishirini na moja peke yake inadai watu 2,097,152, ilhali mkoa wote wa Kigoma, pamoja na watoto wachanga, sensa ya 2022 iliuhesabia watu 2,470,967. Hii ndiyo sababu wanakupa asilimia 10 kwa kila unayemleta, na hii ndiyo sababu hata mimi nilitumiwa kiungo chenye jina lako.

Mambo haya ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1920, mjini Boston huko Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akisema anafanya biashara ya kuponi za posta za nchi za nje. Wa kwanza walilipwa kweli, wakatangaza wenyewe bila kuombwa, na ndani ya mwaka huohuo mambo yakaporomoka. Hapa kwetu nawe unaukumbuka upatu wa DECI, ambao serikali iliusimamisha mwaka 2009, na maneno yake ya kupanda mbegu na kuvuna. Waliopanda mapema walivuna, na mavuno yao ndiyo yaliyowavuta majirani. Laiti wa kwanza wasingelipwa, nani angefuata? Mdogo wako anayekwenda na mitumbwi ya dagaa hawashi taa ili kuwamulikia dagaa njia.

Sasa nikueleze lililonipata, ambalo sijamwandikia mtu yeyote.

Mwaka jana niliingia katika mradi wa namna hiyohiyo, wenye jina jingine. Nilianza na 50,000, nikatoa 20,000 bila tabu, nikaongeza hadi kufikisha 600,000, zote za kuuzia asali. Kisha nikamwingiza Anjelina, mdogo wangu, akaweka 250,000 alizokuwa akitafutia cherehani. Siku moja simu yangu ilionyesha kwamba nina 2,316,000. Nilipoomba kuzitoa nikajibiwa kwamba sharti kwanza nilipe kodi ya asilimia 15, yaani 347,400, na kwamba isikatwe humo bali niitume kando. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, kwa kuwa kodi halali hukatwa kwenye malipo yenyewe au hulipwa serikalini, haitumwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Lakini niliona 2,316,000 machoni pangu, nikakopa, nikatuma. Baada ya siku mbili nikaambiwa akaunti imefungwa kwa uchunguzi, na baada ya juma moja kundi la WhatsApp likafutwa. Haikuishia hapo. Mwezi uliofuata akanipigia mtu aliyejiita mwanasheria wa kurejesha fedha zilizopotea, akijua kiasi nilichopoteza mpaka shilingi ya mwisho, akitaka ada ya kuanzia. Aliijuaje hesabu ile, kama si mmoja wao?

Fedha zangu nimekwisha kuzililia. Kinachonichoma hadi leo ni zile 250,000 za Anjelina, ambaye hakuweka kwa sababu aliuelewa mradi, bali kwa sababu dada yake alimwonyesha ujumbe wa muamala wa 20,000. Ninamlipa 20,000 kila mwezi, naye hupokea na kusema ahsante, wala hajawahi kunilaumu. Wewe una Anjelina ishirini na wanne katika kikundi chako.

Na hapa narudi kwenye sanduku. Nilipokutembelea nilipendezwa sana na utaratibu wenu: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, fedha zikihesabiwa mbele ya wote, kila mmoja akikariri kichwani salio la kikao kilichopita. Huko unakotaka kuzipeleka kuna kufuli ngapi, na funguo anazo nani? Umesema kwamba namba ya kutumia fedha hubadilika kila siku chache, na kwamba jina linalotokea ni la mtu, kila mara mtu mwingine. Zawadi, kampuni yenye akaunti halali haina sababu ya kubadilisha namba kama mtu anayekimbia. Hata ile benki ya mjini, ambayo mnaipita kwa sababu ya makato yake, ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo ni hadi shilingi 7,500,000. Huko hakuna hata wa kumgongea mlango.

Umeniambia pia kwamba wamesajiliwa, na ukanitumia picha ya cheti. Usajili wa jina la kampuni, uwe wa BRELA, wakala wetu wa usajili wa biashara, au wa Uingereza, unathibitisha kwamba mtu alijaza fomu na kulipa ada. Kibali cha kukusanya fedha za watu kwa ajili ya uwekezaji ni jambo jingine kabisa, nacho hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na shughuli za amana na mikopo ziko chini ya Benki Kuu. Kabla ya Jumamosi, uliza huko kama jina hili liko kwenye orodha ya wenye leseni, na upate namba ya mamlaka kwingine, wala usitumie ile iliyoandikwa kwenye cheti. Cheti hutengenezwa kwa kompyuta kwa nusu saa.

Kwa zile 55,000 zako, jaribu leo kutoa kila kinachotoleka. Kama watakwambia utume chochote kwanza, kiitwe kodi, ada au uhakiki, usitume hata shilingi mia. Futa programu yenyewe, kwa kuwa uliipakua kwa kiungo na ikakuomba ruhusa ya kusoma ujumbe na majina yaliyomo kwenye simu. Kisha badilisha namba ya siri ya pesa za simu. Kama uliwapa picha ya kitambulisho cha NIDA, piga *106# uangalie kama kuna laini nyingine imesajiliwa kwa jina lako. Namba zao ziripoti kwenda 15040, kama tunavyozifanyia zile za “ile hela tuma kwenye namba hii”.

Jambo moja zaidi, ambalo sikupenda kuliandika lakini sitalificha. Sheria yetu inautambua upatu wa namna hii kuwa kosa la jinai, na anayekusanya fedha za wengine na kuwaingiza hawezi kuwa na uhakika kwamba ataonekana shahidi badala ya mshiriki. Marekani, mradi ulioitwa Zeek Rewards ulipofungwa mwaka 2012, msimamizi aliyewekwa na mahakama aliwadai hata waliopata faida wairudishe, kwa hoja kwamba faida ile ilikuwa fedha ya wenzao. Fikiria Mama Kabwe wa kikundi chenu akija mlangoni kwako na madai kama hayo.

Kama kikundi kinataka fedha zifanye kazi kati ya mgawo na mgawo, iko mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, na ziko hatifungani. Faida yake inahesabiwa kwa mwaka na haitamfurahisha mtu anayesubiri Desemba. Mgawo wa mwaka huu uacheni ulivyo.

Sasa naomba unijibu. Je, umekwisha kuwaambia wanakikundi, au wazo lingali kwako na kwa Bahati, mwenzako katika mradi huo, tu? Bahati mwenyewe ameweka kiasi gani, na je, yeye ndiye aliyekuleta, kwa maana kama ndiye, yeye tayari ana asilimia 10 yake? Baba Tumaini anajua? Umetuma picha ya kitambulisho? Wale washika funguo wengine wawili wanasemaje? Na kama ni aibu ya kurudi nyuma baada ya kuwapa watu matumaini, je, ungependa niwapigie mimi simu siku ya kikao, niwaeleze ya kwangu kwa kinywa changu? Niko tayari kuyasema yote, hata ya Anjelina, naye ameniruhusu.

Nipigie kabla ya Jumamosi, hata usiku wa manane. Kahindi anarudi huko Alhamisi, nami nimempa lita tano za asali yako na daftari jipya la kikundi.

Wako akupendaye,
Rehema