Mama Mchungaji apewe kazi, si kiti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wake wa wachungaji tumezoea kulinong'onezana wenyewe. Kwa miaka 19 nimeitwa Mama Mchungaji katika sharika nne za Kilutheri, na ni washarika wachache waliowahi kuniuliza jina langu, sembuse nilisomea nini.

Heshima sijanyimwa. Harusini huwekwa meza ya mbele, soda yangu hufunguliwa kabla ya za wazee, na mnada wa mazao ukiisha baada ya ibada sikosi wa kunibebea mkungu wa ndizi hadi nyumbani. Lakini nikiingia kwenye kikao cha akina mama mazungumzo hugeuka ghafla, tukaanza kuzungumzia mvua. Nikitoa wazo hupokewa kama agizo la mchungaji, nikinyamaza husemwa naringa, na mahali pamoja nilifanywa mwenyekiti kabla sijajua hata njia ya sokoni, huku mama aliyekiongoza kikundi kile kwa miaka mingi akiondolewa kimyakimya. Hadi leo namwonea haya.

Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi, kazi niliyoiacha kwa sababu ya uhamisho wa mume wangu. Katika usharika wa tatu mzee mmoja wa kanisa alinijia akasema, "Mama, nasikia unajua lugha ya alama. Tuna vijana wawili wanakuja kila Jumapili, wanakaa nyuma, hawaambulii neno. Utatusaidia?" Tangu siku hiyo nilisimama kando ya mimbari nikitafsiri mahubiri, na jioni vijana wale walinisahihisha alama nilizokosea, bila kujali kwamba mimi ni mke wa nani. Sikuwahi kujiona mwenyeji kanisani kama miaka ile.

Anayedhani mke wa mchungaji kuwa na kazi yake ni jambo la kisasa amkumbuke Katharina von Bora, aliyeolewa mwaka 1525 na Martin Luther, ambaye kwa jina lake sisi tunaitwa Walutheri. Aliendesha nyumba kubwa ya Wittenberg, Ujerumani, iliyokuwa monasteri, akafuga, akalima, akapokea wanafunzi wapangaji, hata bia alipika (washarika wenzangu wanisamehe).

Nayaomba mabaraza ya wazee, yanapompokea mchungaji mpya, yaketi pia na mkewe na kumuuliza anaweza nini na anataka nini, kwa kuwa wapo wenye zamu hospitalini ambao hawana nafasi ya kikundi chochote, na wasihesabiwe dhambi kwa hilo. Uenyekiti waachiwe waliochaguliwa.

Sasa tuko usharika wa nne, mwaka wa pili, na bado sijaulizwa. Vijana wale wawili hunitumia video kwenye simu, wakinikosoa alama ninazoanza kuzisahau.

Mke wa mchungaji,
Njombe